Hesabu ya Kinyumenyume

Mchangiaji wa kwanza ndiye anayewasha saa. Tuseme amelala kitandani saa 3 asubuhi, katika darasa lililotolewa madawati kwenye shule moja wilayani Sengerema, na sindano imeshaingia. Kuanzia dakika hiyo, kama kituo cha damu salama cha kanda jijini Mwanza kimekusudia kupata chembe sahani kutoka kwenye damu yake, mfuko ule unatakiwa uwe umefika maabara na kuingia kwenye mashine ya kutenganisha kabla ya saa 11 jioni. Damu yake ina muda wa saa 8, basi. Mchangiaji wa sabini, atakayelala saa 7 mchana, damu yake ina nafasi tele, lakini yeye hana sauti katika ratiba. Safari nzima inaendeshwa na yule wa kwanza, ambaye muda huo keshakunywa soda yake, keshataniwa na wenzake, na karudi darasani kusinzia.

Waratibu wa damu salama wana tabia moja inayonivutia kuliko zote: hawahesabu kwenda mbele. Sisi wengine tukipanga safari tunaanza kwa kuulizana tutaondoka saa ngapi. Mratibu anaanza na saa 11 jioni, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua. Nusu saa ya kushusha makasha, kuhesabu mifuko na kulinganisha namba. Kwa hiyo gari liwe getini saa 10 na nusu. Kabla ya hapo kuna kuingia mjini jioni, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni, mahali ambapo malori, daladala na bodaboda hugombea lami ileile. Kabla ya Buhongwa kuna Usagara, kabla ya Usagara kuna maji ya ziwa. Kabla ya maji kuna kufunga virago: kukunja vitanda, kuziba mapipa ya taka, kusaini fomu, kumuaga mwalimu mkuu ambaye hakubali kuagwa kwa dakika mbili. Kwa hiyo mchangiaji wa mwisho anyanyuke saa 7 na nusu. Ili watu sabini wawe wamepita kufikia hapo, wa kwanza alale saa 3. Ili alale saa 3, vitanda viwe vimefunguliwa saa 2. Ili vifunguliwe saa 2, gari litoke Mwanza saa 12 asubuhi. Ili litoke saa 12, barafu iwe tayari. Na pakiti ya barafu haigandi kwa usiku mmoja kama friza imejaa na umeme unakatika. Safari ya Alhamisi inaanza Jumanne mchana, mtu mmoja akipanga pakiti za maji kwenye friza, moja moja, zikiwa zimesimama.

Hesabu hii ilikuwa na tundu moja kubwa katikati, nalo lilikuwa kivuko cha Kigongo na Busisi. Mpaka Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la John Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3, kila gari lililotoka Sengerema au Geita kuja Mwanza kwa njia ya mkato lilipanga foleni Busisi kusubiri kivuko. Kuvuka kwenyewe hakukuwa na shida. Shida ilikuwa foleni, na hata foleni yenyewe si urefu wake uliomkera mratibu. Foleni ya saa 2 ambayo kila siku ni saa 2 inapangika. Unaikata kwenye ratiba na maisha yanaendelea. Foleni inayomtesa mpangaji ni ile ambayo leo ni dakika 20 na kesho ni saa 2, kwa sababu hapo huna la kufanya ila kupanga kila siku kana kwamba ni siku mbaya. Timu ilifunga virago mapema, ikawaacha vijana waliokwisha kujiandikisha, ikafika kivukoni ikakuta hakuna magari. Saa moja na nusu nzima imetupwa ziwani.

Sasa chukua vitanda 6. Mtu mmoja, kuanzia kulala, kusafishwa mkono, kutolewa damu, kupumzika kidogo na kumpisha mwenzake, anatumia kama dakika 20. Hiyo ni watu 3 kwa kitanda kwa saa, watu 18 kwa vitanda vyote. Saa moja na nusu iliyookolewa darajani ni watu 27. Kwenye hotuba za uzinduzi utasikia daraja likisifiwa kwa magari na mizigo. Mimi nimelipendea hao 27.

Ila vitanda si mahali pa kwanza panapoziba. Mgeni akiingia kwenye darasa lile hutazama vitanda, maana ndipo penye sindano na mifuko myekundu. Mratibu anatazama meza ya pili kutoka mlangoni. Hapo ndipo mchangiaji anapopimwa uzito, ambao usipungue kilo 50, na wingi wa damu, na hapo ndipo foleni hujikunja kimyakimya ikatokea uani bila mtu kugundua.

Nitaeleza kipimo kimoja cha pale, kwa sababu ni cha bei nafuu na kinapendeza kukitazama. Kuna kichupa chenye maji ya rangi ya samawati iliyokolea, salfati ya shaba, yaliyochanganywa kwa uzito maalumu wa 1.053. Mtaalamu anamchoma mchangiaji kidoleni, anavuta tone la damu kwenye kijibomba chembamba, analidondosha kwenye yale maji kutoka juu kidogo. Tone linaingia, linajivika ngozi yake lenyewe na kuwa shanga ya rangi ya hudhurungi. Kisha linaamua. Likizama moja kwa moja ndani ya sekunde 15, damu ina himoglobini isiyopungua gramu 12.5 kwa desilita na mtu anaendelea mbele. Likisitasita, likaelea katikati, likapanda juu, mtu anashukuriwa, anashauriwa kuhusu lishe na kupelekwa kwa daktari. Hakuna betri, hakuna kioo cha namba. Lakini maji yale huchoka: mililita 30 zinatosha vipimo kama 25, baada ya hapo uzito wake umeshaharibiwa na damu ya watu waliotangulia na tone linaanza kusema uongo. Kwa hiyo mratibu anayetarajia watu sabini kulala, akijua kwamba wengine watarudishwa mezani, hapakii kichupa kimoja. Anapakia vinne vilivyojazwa, na kwenye ratiba ya mezani kuna alama ya kubadilisha. Kitu kidogo cha namna hiyo ndicho kinachotofautisha aliyepanga na aliyepakia tu gari.

Na kupakia gari nako ni ufundi. Land Cruiser ikipakiwa na mtu asiyejua, vitanda vinatangulia ndani kwa sababu ni virefu, makasha yanafuata, na sanduku la fomu linasukumwa chini ya kiti. Mkifika, kitu cha kwanza mnachohitaji ni fomu. Gari la mratibu mzuri linapakiwa kinyume na mpangilio wa kazi: kitakachotumika mwisho kinaingia kwanza. Fomu na kalamu zipo mlangoni, mizani na meza inayokunjwa zinafuata, kisha vitanda, kisha mifuko ya damu ikiwa katika pakiti zake za karatasi ya fedha, na makreti ya soda yapo ndani kabisa. Makasha ya baridi hayakai juu ya ekseli ya nyuma wala karibu na injini. Wakati wa kurudi, taka zenye sindano zina upande wake na damu ina upande wake, na njia hizo mbili hazikutani hata mlangoni. Dereva ndiye mlinzi wa sheria hii, na dereva wa gari la damu akishaizoea kazi anakuwa mkali kuliko muuguzi mkuu.

Tuje kwenye baridi, ambako ndiko kuliko na utaalamu wenyewe.

Damu inatoka mkononi ikiwa na joto la mwili, nyuzi 37, na kuingia kwenye mfuko wa plastiki wenye mililita 63 za dawa ya kuzuia isigande na kulisha chembe zake. Mfuko unachukua mililita 450. Kuanzia hapo kuna njia mbili, na mratibu lazima awe amechagua kabla gari halijawashwa. Ikiwa hospitali zinahitaji chembe nyekundu tu, kwa mama aliyepoteza damu baada ya kujifungua au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mfuko unapozwa mapema na kusafirishwa kati ya nyuzi 2 na 10, ukifika unakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6, na utadumu siku 35. Ikiwa kuna wanaohitaji chembe sahani, mathalani wagonjwa wa saratani, mfuko hautakiwi kupozwa hivyo hata kidogo. Unatakiwa ushuke taratibu hadi kati ya nyuzi 20 na 24 na ubaki hapo hadi maabara, kwa sababu chembe sahani zikishapigwa baridi hazifai tena, na zenyewe, hata zikitunzwa vizuri, hudumu siku 5 tu.

Ukitazama vizuri utaona ugumu uliopo. Mchana wa Sengerema unaweza kuvuka nyuzi 30. Kushusha damu hadi 4 kunahitaji barafu. Kuishusha hadi 22 na kuishikilia hapo kunahitaji kitu ambacho si barafu. Waliobuni njia yake walitafuta dutu inayoyeyuka kwenye nyuzi kama 20, wakaipata butanedioli, wakaijaza kwenye vibao. Kibao kikigusana na mfuko wenye joto kinaanza kuyeyuka, na kinapoyeyuka kinanyonya joto bila chenyewe kupanda. Damu inashuka, inafika karibu na 22, inatulia. Kwa asiyejua, kasha lile halina baridi ya maana. Anaweza kuongeza barafu kwa nia njema na kuiharibu kazi yote ya asubuhi. Ndiyo maana makasha ya aina mbili hayapewi rangi moja, na ndiyo maana uamuzi unatolewa ofisini siku moja kabla, kwa kuzipigia hospitali simu kuuliza wodi zina nani, hautolewi pale shuleni kwa kukisia.

Kasha la chembe nyekundu nalo lina mtego wake. Watu hudhani adui wa damu ni joto peke yake. Damu ikigusana na barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi, chembe nyekundu za upande ule huganda na kupasuka, na yaliyomo ndani yake yanamwagika kwenye plazma. Mfuko uliopatwa na hayo unaonekana ukiutuliza: pale juu, ambapo maji ya damu yangekuwa ya manjano, pana wekundu. Mfuko huo haongezewi mtu, unaweza kumuua. Kwa hiyo pakiti za barafu hutolewa friza mapema na kupangwa mezani, zinaachwa zitoe jasho. Baada ya muda mtu anakuja, anaokota moja, anaitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yanacheza ndani, hata kidogo, barafu imefika nyuzi sifuri na haitashuka tena chini ya hapo. Inaweza kuingia kwenye kasha, na bado kati yake na damu kunawekwa kadibodi. Asiposikia kitu, anairudisha mezani na kusubiri. Kipimajoto kipo, na kirekodi joto kipo ndani ya kasha kikiandika kila dakika chache, lakini bado utawaona wakitikisa na kusikiliza. Nimewaona wakifanya hivyo huku dereva ameshawasha gari na anapiga honi, na hakuna aliyegeuka.

Kujua kupoza bila kugandisha ni elimu ambayo Mwanza ilikuwa nayo kwa njia nyingine. Jiji hili limeishi miaka mingi kwa minofu ya sangara, na sangara wa Ukerewe hafiki Ulaya bila barafu. Samaki hulazwa juu ya barafu yenyewe na kufunikwa kwayo, jambo ambalo damu haiwezi kulistahimili, lakini hesabu ya msingi ni moja: saa ngapi ametoka majini, barafu kilo ngapi, gari litachelewa wapi. Na historia ina mzaha wake hapa. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, daktari Federico Durán-Jordà wa Barcelona alianzisha huduma ya kukusanya damu mjini na kuipeleka kwa majeruhi wa upande wa Aragón. Gari alilolipata lenye ubaridi wa kutosha lilikuwa lori lililokuwa likibeba samaki. Miaka michache baadaye, London ilipokuwa inajiandaa kwa mabomu ya Wajerumani, daktari Janet Vaughan alikuwa miongoni mwa waliosimamisha maghala ya damu nje ya jiji, na damu hiyo ikasambazwa kwa magari ya aiskrimu. Kabla yao wote, mwaka 1917 nchini Ufaransa, daktari wa jeshi la Marekani, Oswald Robertson, aliihifadhi damu ya kundi O kwenye chupa za kioo akaipeleka karibu na mapigano ndani ya masanduku ya risasi yaliyojazwa barafu na unga wa mbao. Hakuna hata mmoja aliyengoja kununuliwa gari la damu. Kila mmoja aliangalia karibu naye kuna chombo gani kinachoweza kubeba baridi, akakiazima.

Hili nalitaja kwa sababu siku hizi mazungumzo ya kusafirisha damu hugeuka haraka kuwa mazungumzo ya ndege zisizo na rubani. Sizibezi. Rwanda ilianza kuzitumia Oktoba 2016, kutokea Muhanga, na hospitali iliyokuwa ikituma gari hadi kituo cha damu sasa inaletewa kutoka angani, kasha linashuka kwa parachuti. Kwetu pia, mwaka 2018 matokeo ya majaribio ya Ukerewe yalitangazwa: ndege ndogo ilivuka ziwa na dawa umbali wa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati gari likizunguka kwa barabara na kivuko lilisafiri kilomita 240 na kuweza kutumia saa 6. Aliyewahi kukaa Kisorya akisubiri kuvuka kwenda Rugezi ataelewa thamani ya dakika 40. Ila ndege hupeleka, haikusanyi. Haitatandika vitanda 6, haitabeba makreti ya soda, haitamshawishi mwalimu mkuu aahirishe jaribio la hesabu, wala haitakaa na kijana aliyezimia kwa hofu akamwinua miguu. Mifuko miwili ya kundi O hasi inayohitajika usiku huu Nansio, ndege ni mkombozi wake. Mifuko sabini iliyotoka kwa watu sabini ina njia yake ya zamani, nayo ni gari, barafu na mtu mwenye daftari.

Daftari lenyewe linahitaji kutazamwa kwa miezi, si kwa siku. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi inahitaji walau chupa za damu sawa na asilimia 1 ya watu wake. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Hiyo ni chupa kama 617,000 kwa mwaka, karibu 1,700 kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Na chupa hizo haziwezi kukusanywa kwa mkupuo na kuwekwa ghalani kama mpunga, kwa sababu ya zile siku 35.

Hapa ndipo siku yenye shangwe kuliko zote inapokuwa na kasoro. Tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu, dunia huadhimisha wachangia damu. Kunakuwa na bendi, fulana, mgeni rasmi, na foleni ndefu. Mratibu anashukuru, lakini kichwani anaongeza 35: damu yote iliyokusanywa leo na isiyotumika itakwisha muda wake tarehe 19 Julai, siku moja. Kisha anaongeza tena: wanaume wote waliochangia leo hawataruhusiwa kurudi kabla ya miezi 3, wanawake kabla ya miezi 4. Maana yake watu wake waaminifu kuliko wote, wale wanaokuja wakiitwa, amewatumia kwa pamoja, na hadi katikati ya Septemba na Oktoba hatawagusa. Watu 300 katika siku moja ni picha nzuri gazetini. Watu 50 kwa kila wiki kwa wiki sita ni wodi isiyokaukiwa. Mratibu hodari huichukua sherehe kama siku ya kuandikisha: anawatoa damu wengine, na wengine anawaandika majina, namba za simu na kundi, anawapangia tarehe. Kumwambia mtu aliyepanga foleni juani kwamba leo hatutakutoa, njoo tarehe 2 Julai, kunahitaji ulimi. Wapo wanaokasirika. Mimi naona huo ndio ushujaa wa kazi hii, maana kila kitu kinamsukuma achukue namba kubwa ya siku.

Upande mwingine wa daftari ni ukame wake. Wachangiaji wengi wa hiari kwetu ni vijana wa shule na vyuo, wenye miaka 18 na kuendelea. Kidato cha sita hufanya mtihani wao Mei na kuondoka. Juni likizo, Desemba likizo. Mvua za masika zinaacha mbu, mbu wanaleta malaria, malaria inaleta watoto waliopauka viganja, na hao hawasubiri shule zifunguliwe. Barabara za vumbi nazo huharibika miezi hiyohiyo. Mwezi wa Ramadhani wachangiaji Waislamu wanafunga, na usingewataka watoe damu wakiwa hawajala wala kunywa tangu alfajiri. Mratibu mmoja hupunguza ratiba ya mwezi huo na kulalamika. Mwingine huhamishia vitanda karibu na msikiti baada ya futari, taa zikiwa za jenereta, watu wakiwa wameshiba na wametulia. Kwa kufanya hivyo anakuwa amebadilisha saa zote za nyuma: barafu inatolewa alasiri, wataalamu wa maabara wanapangwa zamu ya usiku, na dereva analala mchana kwa amri.

Minada ya Usukumani inavutia macho ya kila mratibu mpya. Watu ni wengi, wamekusanyika wenyewe, haijakugharimu barua. Wanaojua huikwepa asubuhi. Mtu aliyekuja kuuza ng'ombe hatalala kitandani kabla hajauza, na akishauza ana fedha mfukoni, hataki kulala mahali popote. Kanisani baada ya ibada ni pazuri zaidi, mradi padre au mchungaji ametangaza wiki mbili mfululizo na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Kwenye migodi na viwanda shida ni zamu. Unapanga na msimamizi, si na wafanyakazi.

Soda nazo zina hesabu. Inaonekana ni jambo dogo, soda na biskuti, lakini mtu aliyetoa mililita 450 anahitaji maji na sukari, na anahitaji kukaa dakika kumi au kumi na tano mahali ambapo macho ya muuguzi yanafika. Soda ndiyo inayomfanya akae. Zikiisha, watu huondoka moja kwa moja kwenda kupanda bodaboda, na anayeanguka anaangukia njiani. Mratibu anapakia soda za watu wote anaowatarajia, pamoja na wale watakaorudishwa kwenye mizani au kwenye kichupa cha samawati, maana huwezi kumnyima soda mtu aliyejitolea damu yake na ikakataliwa mbele ya darasa lake.

Gari likishafika Mwanza kabla ya saa 11, gazeti lingesema kazi imekwisha. Damu bado haijawa ya mtu. Inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na hadi majibu yatoke mifuko inakaa peke yake, imetengwa. Kinachoshikilia kila kitu ni namba: namba moja kwenye mfuko, kwenye vichupa vya sampuli, kwenye fomu, zimebandikwa mchangiaji akiwa bado amelala, kamwe si kwa mkupuo mwisho wa zoezi. Barafu mbaya inaharibu mfuko mmoja. Namba mbili zilizobadilishana zinaweza kuharibu watu wawili, na joto la kasha halitakuonya.

Kisha safari inageuka. Iliyokusanywa Sengerema sasa inatakiwa katika hospitali za Bugando na Sekou Toure, hospitali za wilaya, na vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji ambavyo huweka akiba chupa chache tu za kundi O. Hapo kuna ujanja ninaoupenda sana kwa sababu hauonekani. Kituo kidogo kinaweza kukaa wiki tatu bila kutumia chupa zake, na hapaswi mtu kukilaumu; akiba ambayo haikutumika ni wiki tatu ambazo hakuna mama aliyefikia hatua hiyo. Lakini ukiziacha zitakwisha muda zikiwa kwenye friji ileile. Kwa hiyo, zikibakiwa na siku chache za kutosha, gari linaloleta chupa mpya linaondoka na zile za zamani na kuzipeleka hospitali kubwa, ambako zitatumika kabla jua halijazama. Sharti ni karatasi ya joto: friji ya kituo iwe imesomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, siku zote, pamoja na siku ambazo umeme ulikatika. Bila karatasi hiyo mfuko haurudi kwenye mzunguko hata ukionekana mzuri. Nesi wa kituo anayesimama saa 2 usiku mbele ya friji na kuandika "nyuzi 4" kwenye karatasi iliyobandikwa kwa plasta, damu hiyo ikiokoa mtu Bugando wiki ijayo yeye hatajua.

Ratiba ya robo inayofuata huandikwa ile ya sasa ikiwa bado inaendelea. Shule zimefungwa, kwa hiyo kuna chuo cha ufundi, kambi ya jeshi, makanisa mawili, kiwanda cha samaki ambacho meneja wake amekubali kwa sharti la zamu ya mchana, na Ukerewe kwa siku mbili mfululizo ili kivuko kilipwe mara moja. Pembeni kuna orodha ya simu za kupiga wiki ya pili ya Septemba, wanaume kwanza, wa 14 Juni.